Mwili Ukipungua, Fundi Asikate Kitambaa

Mtu akiamua kupunguza uzito, ushauri anaopewa ni wa chakula na mazoezi: punguza ugali, acha soda, tembea jioni, lala mapema. Ni nadra kuambiwa kwamba baada ya miezi michache suruali ya kazini itakuwa inamshuka, gauni la ibada litampwaya kifuani, na sidiria zake zote hazitamshika tena. Mambo hayo yakimfika bila kutarajia, huchukua mojawapo ya njia mbili. Ama anakwenda dukani kwa furaha na kununua nguo za mwili wake mpya, ambazo nazo zitampwaya kabla hazijachakaa. Ama anaapa kuvumilia nguo zake za zamani mpaka afike anakokwenda, na kwa miezi mingi anatembea akivuta suruali. Njia ya kwanza inakula fedha, na ya pili inakula moyo. Ipo njia ya tatu iliyo nafuu kuliko zote mbili, na sisi wa Afrika Mashariki tumejaliwa nyenzo zake: fundi cherehani karibu kila mtaa, masoko ya mitumba, na mavazi ya kujifunga yasiyojali kilo. Kinachokosekana ni mpango, na mpango huo unapaswa kuanzia kwenye hesabu ya jinsi miili inavyopungua kweli.

Jambo hili si la watu wachache wa mjini. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, kutoka asilimia 25 miaka michache tu nyuma yake. Tanzania, utafiti kama huo wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28. Kipimo kilichotumika ni cha Shirika la Afya Duniani, ambapo uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25 uzito umezidi, na likifika 30 ni unene wa kupindukia. Kwa hiyo maelfu ya watu wanaotoka kliniki za presha na kisukari wameambiwa wapungue, na wengi wao hawana fedha ya kujaza kabati mara mbili. Kwao swali la nguo ni swali la bajeti ya nyumba, sawa na la karo na la kodi.

Tuchukue mtu mwenye kilo 90. Mpango wa kuzuia kisukari uliofanyiwa utafiti Marekani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2002, uliwawekea washiriki shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzito wao kwa chakula na mazoezi. Kiasi hicho kinachoonekana kidogo kilitosha kuleta faida kubwa: waliowekwa katika mpango huo walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Kwa mtu wetu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6.3. Makadirio ya kawaida ni kwamba kila kilo inayoondoka huondoka na takriban sentimita moja ya kiuno, ingawa watu hutofautiana. Kilo 6.3 basi ni inchi mbili na nusu. Nguo za dukani hupishana inchi mbili hivi kati ya saizi moja na inayofuata. Maana yake ni kwamba mtu aliyefanikiwa vizuri, kiasi cha daktari kumpongeza, ameshuka saizi moja na kidogo. Wengi hupanga kana kwamba watashuka saizi tano, ndiyo maana hukata tamaa ya kupanga. Saizi moja na kidogo ni kazi ya fundi, tena ya muda mfupi.

Hesabu ya pili inahusu yanayofuata baada ya ushindi. Utafiti mwingine wa Marekani, uitwao Look AHEAD, uliwafuatilia watu 5,145 wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa na uzito uliozidi. Kundi lililosimamiwa kwa karibu katika chakula na mazoezi lilipungua kwa wastani wa asilimia 8.6 mwaka wa kwanza. Utafiti uliposimamishwa, baada ya karibu miaka 10, kundi hilo lilikuwa chini ya uzito wake wa mwanzo kwa asilimia 6. Hao walikuwa na wataalamu wakiwashika mkono, na bado sehemu ya uzito ilirudi. Tukirudi kwa mtu wetu, mwaka wa kwanza angepungua karibu kilo 7.7, kisha miaka ikipita angebaki amepungua kilo 5.4. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni kilo 2.3, yaani pungufu kidogo ya inchi moja ya kiuno. Inchi hiyo moja ndiyo inayoamua kama nguo iliyobanwa kwa shangwe mwaka huu itavalika mwaka kesho. Nguo ya mtu anayepungua lazima iweze kurudi nyuma kidogo bila aibu na bila gharama.

Hapo ndipo linapotoka agizo muhimu kuliko yote utakayompa fundi wako: abane, asikate. Fundi akipunguza gauni ubavuni, anashona mstari mpya ndani ya ule wa zamani, na kitambaa kilichozidi kinabaki ndani. Wengi hukikata ili mshono ukae safi, au hupitisha mashine inayokata na kuziba kingo kwa mpigo mmoja. Kitambaa kikishakatwa, nguo imefungiwa mwili mmoja. Mwambie akilaze ndani, akipige pasi, na aache. Ukishonesha nguo mpya katika kipindi hiki, tangulia kusema kabla hajashika mkasi kwamba unataka inchi moja ya ziada katika kila kipande kinachokutana ubavuni. Mishono ni miwili na kila mmoja una vipande viwili, kwa hiyo jumla ni inchi 4 kuzunguka mwili. Ukitoa kiasi kinachohitajika kushika mshono, inabaki nafasi ya inchi kama 3 ya kubana na kuachia. Zinakaribia kulingana na zile kilo 7.7 tulizozihesabu. Ziada hiyo ya kitambaa ni ndogo mno kuweza kubadilisha bei ya kitenge ulichonunua. Lastiki mgongoni au kamba za kufunga nyuma mahali pa zipu huongeza uhuru huo, na hazimwambii mtu yeyote siri yako.

Fundi naye ana mipaka, na asiyeijua atapoteza fedha. Suruali za kiume zilizoshonwa vizuri huwa na kitambaa cha akiba kwenye mshono wa nyuma ya kiuno, maalumu kwa kazi hii. Zinabanika hadi inchi mbili hivi. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inasogeleana, na mapaja yanabaki mapana huku kiuno kikiwa chembamba. Sketi ndiyo rahisi kuliko zote. Gauni lenye mshono ubavuni linakubali, lakini lenye nakshi au bitana litagharimu zaidi. Koti la suti linabanika ubavuni na mgongoni; mabegani ni kulivunja na kulishona upya, na kwa mtu wa bajeti ndogo koti lililopwaya mabegani si la kupeleka kwa fundi. Mkanda wa suruali unahitaji tundu moja tu la ziada, ambalo fundi viatu hulitoboa kwa bei ndogo. Kanuni yangu ya kuamua ni hii: linganisha bei ya kubana na bei ya kupata nyingine ya ubora uleule sokoni. Ikivuka nusu, usibane, isipokuwa kama ni sare ya kazi au nguo ambayo huwezi kuipata tena.

Soko la nguo hiyo nyingine, kwa wengi wetu, ni la mitumba. Iwe Karume au Manzese jijini Dar es Salaam, Memorial mjini Moshi, Gikomba au Toi jijini Nairobi, Kongowea mjini Mombasa au Owino jijini Kampala, masoko haya ndiyo mahali pa kumvalisha mtu katika kipindi cha katikati, wakati nguo za zamani zimeshindikana na mwili bado haujatulia. Faida yake kubwa ni kwamba nguo imeshafuliwa mara nyingi kabla haijakufikia, kwa hiyo haitanywea tena ghafla, na ukiitoa baada ya miezi mitatu hujapoteza mengi. Hasara yake ni saizi. Nguo za marobota hutoka nchi mbalimbali na kila nchi ina namba zake. Namba 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani na kwa kawaida 42 ya Ulaya. Anayefuata lebo ya shingoni atabeba nguo ya mtu mwingine. Nenda na futi kamba, na kabla hujatoka nyumbani andika vipimo vitatu: kifua, kiuno na makalio. Pima nguo ikiwa imelazwa, kisha zidisha mara mbili. Kwa kuwa masoko mengi hayana pa kujaribia, futi kamba ndiyo chumba chako cha kujaribia. Nguo za ndani zitengee fedha ya kununua mpya. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku zile za mitumba, na kwa vyovyote sidiria iliyolegea haina wa kuibana. Nunua mbili zinazokutosha, ukizifunga kwenye kifungo cha nje kabisa, ili unavyopungua usogee ndani.

Wapo watakaosema kwamba kuwasukuma watu kwenye mitumba ni kuua viwanda vyetu. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na nguo hizo hatua kwa hatua; Rwanda ilipandisha ushuru na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuingiza mavazi yake Marekani bila kodi, huku majirani wakirudi nyuma. Mjadala huo ni wa serikali na wa viwanda. Kwa mtu mmoja mwenye mwili unaobadilika, mpango ninaoueleza unapeleka sehemu kubwa ya fedha kwa fundi wa mtaani na kwa muuza vitenge, na mitumba inabaki daraja la kuvukia. Mtu huyohuyo, mwili wake ukitulia, ndiye anayeweza kushonesha nguo nzuri ya hapahapa nyumbani na kuivaa miaka mingi.

Nyenzo ya tatu ni mavazi ya kujifunga na ya kumwagika: kanga, kikoi, kaftani, dera, kanzu, baibui, sketi ya kuzungusha. Hayana saizi ya kubishana nayo, na mtu mwenye madera mawili na jozi kadhaa za kanga ameshamaliza suala la nyumbani na la sokoni. Hata hivyo uhuru huo una upande wake wa pili, na wanaopungua wanapaswa kuujua. Dera haliulizi kilo zinapoondoka, na zinaporudi pia halisemi kitu. Anayeshinda ndani ya nguo pana anaweza kuongezeka kilo nne bila habari. Dawa yake ni kuweka kipimo kando ya nguo. Futi kamba ileile ya sokoni ipitishwe kiunoni mara moja kila wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, na namba iandikwe. Vigezo vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani vinaonyesha hatari ya maradhi ikianza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Daftari la namba hizo litakuambia pia lini uende kwa fundi: kila kiuno kinapopungua inchi mbili, na si kila kioo kinapokufurahisha.

Sasa tuwajibu wanaosema kwamba yote haya ni israfu, na kwamba nguo pana zina sitiri ya kutosha mpaka mtu amalize. Kwanza, hakuna siku ya kumaliza. Wataalamu hushauri kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kadiri siku zinavyokwenda kasi hupungua zaidi; kusubiri mwisho ni kusubiri mwaka au zaidi. Pili, nguo inayopwaya ina hatari ya kweli kwa wanaopanda bodaboda, kwani kitambaa kinachoning'inia huweza kunaswa na gurudumu. Tatu, na hili ni zito zaidi katika jamii zetu, mtu aliyepungua huku nguo zikimning'inia husomwa vibaya. Kunawiri bado ni dalili ya maisha mazuri machoni pa wengi, na kukonda huhusishwa na maradhi, dhiki au ndoa yenye matatizo. Maswali ya “mbona umeisha hivyo, unaumwa?” yamewarudisha wengi kwenye sahani ya pili. Nguo inayokaa vizuri inajibu maswali hayo kabla hayajaulizwa, kwa kuwa inaonyesha mtu aliyepungua kwa kutaka. Na kama nguo zako zinalegea wakati hujabadilisha chakula wala mwendo, wanaokuuliza wana haki: nenda hospitali upimwe, maana kisukari na kifua kikuu huanza hivyo kwa wengi.

Hoja nyingine hutoka upande wa pili: nunua gauni dogo, litundike ukutani, likuvute. Huenda likamvuta mtu kwa wiki mbili. Shida ni kwamba gauni hilo lina tarehe, mara nyingi ya harusi au sendofu, na tarehe huwa haijali kasi ya mwili. Sare za shughuli ndizo zinazoumiza mifuko na afya kwa pamoja: kitenge kimeshalipiwa, kamati imeshasema mtindo, na anayepungua anamwambia fundi apime pungufu kwa inchi tatu kwa sababu “nitakuwa nimefika”. Wiki ya mwisho inakuwa ya kushinda na njaa au ya kumeza vidonge visivyojulikana vilikotoka. Shonesha kwa mwili wa siku ya kupimwa, ukiacha ile inchi ndani, na upange kurudi kwa fundi siku nne kabla ya shughuli. Kubana sare ni kazi ya saa moja. Kuitanua sare iliyokatwa ndogo haiwezekani. Tena fanya hesabu ya matumizi: gauni la shilingi 60,000 likivaliwa mara tatu, kila siku limekugharimu 20,000; sketi ya mtumba ya 8,000 ikivaliwa mara 20, kila siku ni shilingi 400. Katika kipindi cha kupungua, sketi ndiyo iongoze.

Wapo pia wanaoshauri kugawa nguo zote kubwa mara moja, ili mtu asijiachie mlango wa kurudi. Ushauri huo unafanya uzito uonekane suala la uoga tu. Waliofuatiliwa katika utafiti wa Look AHEAD nilioutaja walirudisha sehemu ya kilo huku wakisaidiwa. Kuwa na suruali kubwa au kutokuwa nayo si kitu kinachoamua homoni na njaa. Anayegawa kila kitu na kisha akaongezeka kilo tatu analazimika kununua upya, akiwa na huzuni na bila fedha. Utaratibu mzuri ni kuhifadhi saizi moja tu iliyo juu ya ile unayovaa, katika mfuko uliofungwa, na kuziachia zilizo juu zaidi. Ziende kwa wifi, kwa shangazi, au ziuzwe zikiwa bado na thamani. Wanaotumia dawa mpya za sindano wapange kwa uangalifu zaidi. Utafiti wa semaglutide uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha wastani wa kupungua karibu asilimia 15 kwa wiki 68, kiasi ambacho kwa mtu wa kilo 90 kinazidi kilo 13 na kuvuka uwezo wa kubana nguo nyingi. Lakini washiriki waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Hata kwao, saizi moja ya juu ni akiba na haina aibu yoyote.

Kwa hiyo bajeti ya nguo ya mtu anayepungua ipangwe kwa hatua tatu. Mpaka inchi mbili za kwanza ziondoke, usinunue kitu isipokuwa tundu la mkanda na sidiria. Zikishaondoka, peleka kwa fundi nguo chache unazozivaa mara nyingi, na ongeza vipande vitatu au vinne vya mitumba vinavyovalika pamoja. Viatu na pete vinaweza kusubiri. Nguo ya bei, iwe suti, gauni la kushonesha au sare mpya ya kazi, isubiri mpaka daftari lionyeshe kiuno kimekaa palepale kwa miezi sita. Ukifika hapo mwite fundi, chagua kitambaa unachokipenda na lipa kwa moyo mweupe. Na hata siku hiyo, kabla hajashika mkasi, mkumbushe aache inchi moja ndani.